Dokta wa Mlandege na Kamshafti ya Mbeya

Pale Mlandege, Iringa, ukiuliza Ambrosi Kalinga ni nani, watu watakukazia macho kwanza. Ukisema Dokta, hata mtoto anayejifunza kutembea atakunyooshea kidole ilipo gereji. Ni dokta wa pikipiki. Wa watu yupo mwingine, ana koti jeupe na foleni ndefu. Huyu wetu ana ovaroli ambayo rangi yake ya mwanzo anaikumbuka mkewe peke yake.

Udokta wenyewe hakuupata shuleni. Yeye na shule waliachana kwa amani, kila mmoja akashika njia yake. Udokta ulitoka kwenye bisibisi. Anayo bisibisi moja ndefu, mpini wa mti, kauchonga mwenyewe akiwa kijana. Pikipiki ikiletwa mgonjwa, Dokta hamuulizi mwenyewe kitu. Anaiwasha, anaweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini kwenye sikio, anafumba macho. Hapo gereji yote inanyamaza. Wanywa ulanzi wa kilabu cha jirani wanazima redio. Mkewe Evarista, ambaye anauza chakula pembeni ya gereji, anaacha kusonga ugali, mwiko unabaki hewani. Halafu Dokta anafumbua macho, anatoa hukumu: "Cheni ya taimingi." Au, "Beringi, upande wa kushoto." Wanafungua, wanaikuta. Wafugaji wa kule Usangu walikuwa wanapakia pikipiki zao juu ya malori ya mpunga, wanapita mafundi kibao njiani, waje tu Iringa wasikilizwe.

Sasa sikio la mtu si chuma, na hata chuma chenyewe kinalika. Ambrosi alilikodisha sikio lake bila mkataba. Ujana wote alishinda kwenye mashine ya kusaga ya shemeji yake, na alipotoka huko akahamia kwenye pikipiki za vijana wanaokata egzosi ili wasichana wajue wanapita. Sikio likaanza kuondoka polepole, kama mpangaji anayehamisha vyombo kimoja kimoja mwenye nyumba asishtuke. Walitangulia ndege wa asubuhi. Kikafuata kijiko kwenye kikombe, halafu maneno ya wajukuu.

Yeye alijua. Alichoamini ni kwamba anajua peke yake, na kwa hilo alikuwa na ujanja wa sungura. Akikutana na mtu anaanza yeye kuongea, tena maneno mengi, mtu asipate pa kuchomekea swali. Anakaa akitazama midomo. Simu hapokei, anasema mtandao wa siku hizi wa ovyo. Nyumbani televisheni inanguruma mpaka majirani wanasikiliza taarifa ya habari wakiwa vitandani kwao, bure. Na pale gereji, akishaweka bisibisi sikioni, alianza tabia ya kufoka, "Nyamazeni basi!" wakati watu walishanyamaza zamani.

Walitazamana tu. Mtu mzima kwetu haambiwi kwamba zipu imefunguka. Unageuka pembeni, unakohoa, unamwachia Mungu.

Mwaka huu, baridi ilipoanza kuuma, akaja Gerson. Gerson ni mwinjilisti wa vijiji vya kule Kalenga, mtu mrefu, mpole, anayeomba msamaha hata akikanyagwa yeye. Anapanda pikipiki ya Kijapani ya enzi za wamisheni, injini moja ya zamani ambayo wenzake wote waliokuwa nayo walishaiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Anaiita Bibi. Na huyo Bibi ndiye aliyempa Ambrosi jina la Dokta. Zamani ilipokuwa ya mchungaji Mzungu, mafundi wote walishindwa, kijana Ambrosi akaja na bisibisi yake, akasikiliza, akasema, "Roka imelegea," na roka ilikuwa imelegea.

"Kamwene, Dokta."

"Kamwene, mtumishi. Bibi anasemaje?"

"Anagonga, Dokta. Juu huku. Samahani lakini."

Ambrosi akawasha. Akaweka bisibisi, akafumba macho, akakemea watu walionyamaza. Akasikiliza. Alichosikia ni mngurumo wa chini, mzito, kama lori linalopita mbali Ipogolo. Kugonga hakukuwepo. Akahama kidogo, akakandamiza mpini mpaka sikio likauma. Hamna.

"Valvu," akasema, kwa sababu kitu kikigonga huko juu, mara nyingi huwa ni valvu. Akarekebisha nafasi zake kwa kipande cha wembe, Gerson akashukuru sana, akaondoka.

Wiki haijaisha, Gerson karudi. Kasimama pembeni kama mtu aliyeleta habari ya msiba. "Dokta, samahani, bado anagonga. Labda ni mimi ninavyopanda."

Ambrosi safari hii hakugusa bisibisi. Alisema mgonjwa akirudi mara ya pili anapasuliwa, akafungua kifuniko cha juu. Akaichomoa kamshafti. Kwa asiyeijua, hicho ni kichuma kifupi, unakishika kiganjani, kina mayai mawili ubavuni. Kikizunguka, yale mayai yanasukuma roka, roka zinasukuma valvu, injini inavuta pumzi na kutoa. Ambrosi akapitisha ukucha wa dole gumba juu ya yai la kwanza: zima. Akaupitisha kwenye la pili, ukucha ukakwama, ukadumbukia. Yai lilikuwa limelika bapa, limechimbika kama gunzi lililogugunwa.

Alifurahi ungedhani kaokota dhahabu. Ukucha ulikuwa haujamsaliti.

"Umeona? Hii ndiyo inayogonga! Hii haitengenezwi. Wapo watakaokwambia tujaze kwa welding tusage. Waache, itakufia njiani. Hii tunatafuta nyingine, na Iringa hapa haipo."

"Mpigie Andendekisye wa Mbeya," akasema Zabron. Huyu Zabron ana kibanda cha pili hapo hapo gereji, baba wa watoto wawili, fundi mzuri, ila mbele ya Ambrosi anajishusha mpaka unamwonea huruma. "Atume na basi, kesho tunayo."

"Simu?" Ambrosi akacheka. "Kamshafti hainunuliwi kwa simu, kijana. Utaoa kwa simu? Naenda mwenyewe."

Kesho yake akavaa koti lake la kanisani, akaifunga ile kamshafti mbovu kwenye kitambaa, akapanda basi Ipogolo.

Andendekisye ni Mnyakyusa, ana meza ya spea za mtumba pale Mwanjelwa, Mbeya, na wamefahamiana na Ambrosi tangu wote wawili wana nywele. Tena ana mdomo mpana unaosomeka kama bango la barabarani, kwa hiyo Ambrosi anampenda zaidi siku hizi.

"Mwagonile, Dokta!"

"Kamwene."

Ndivyo wanavyosalimiana miaka yote, kila mtu kwa lugha ya kwao, na hakuna aliyewahi kusalimu amri.

Ambrosi akafungua kitambaa. Andendekisye akaguna. "Gwe! Hii pikipiki bado mnayo? Sisi huku tumezizika zote, na matanga tumeshaanua."

"Nyie mnazika haraka. Sisi mgonjwa tunamuuguza kwanza."

Wateja wawili waliokuwa wanachagua gia wakacheka, wakasogea kumwangalia Dokta wa Iringa akifanya kazi. Andendekisye akavuta karai lenye mafuta ya taa, akamwaga kamshafti juu ya gunia, lundo zima. Ambrosi akapiga goti. Hapo sasa ungempenda. Mikono ilikwenda yenyewe. Alisoma herufi zilizopigwa kwenye chuma, akalinganisha urefu, akaangalia matundu ya kufungia sproketi. Kamshafti moja Andendekisye alimsogezea kwa mbwembwe, ndefu sawa, mayai sawa. Ambrosi akaipima kiganjani tu, akaitupa pembeni.

"Ya Mchina hiyo."

"Umejuaje?"

"Nyepesi. Halafu matundu yamekaribiana kama macho ya nguruwe."

Zikabaki mbili, pacha. Herufi zile zile, uzito ule ule. Akapitisha ukucha: zote nzima. Hapo ikabaki dawa ya mwisho, ambayo kila fundi mzee wa huku anaijua. Chuma cha mtumba unakifunga waya, unakining'iniza, unakigonga kwa spana. Kizima kinalia kama kengele ya kanisa, sauti inavuta. Chenye ufa wa ndani usioonekana kwa macho kinasema "ko," kama kuni mbichi.

Ambrosi akaining'iniza ya kwanza, akafumba macho, akagonga. Ko. Akaining'iniza ya pili, akagonga. Ko.

Akarudia. Kwake zote zilikuwa kuni mbichi.

Alipofumbua macho watu watatu walikuwa wanamtazama wakisubiri. Angeweza kuuliza. Neno moja tu: "Nyie mmesikiaje?" Lakini neno hilo lingetoka Mwanjelwa likafika Iringa kabla ya basi. Akaishika ile ya kwanza kwa sababu mayai yake yaling'aa zaidi.

"Hii hapa. Inalia kama kengele."

Andendekisye akafungua mdomo, akaufunga. "Hiyo, Dokta?"

"Hiyo hiyo. Au unataka kunibambikia nyingine?"

Wateja wakacheka sana. Andendekisye akacheka wa mwisho, na kicheko chake kilikuwa kifupi. Ambrosi akatoa kipande cha tupa mfukoni, akaikwaruza kamshafti yake msalaba mdogo katikati ya mayai, maana wauza spea wote ni ndugu wa baba mmoja, ukigeuza shingo umebadilishiwa. Andendekisye akaipokea, akainama chini ya meza kutafuta gazeti na grisi. Akachelewa kidogo kuinuka. Akaja na kifurushi kimefungwa vizuri kwa mpira wa tyubu.

"Ndaga, asante, Dokta. Msalimie Bibi."

Kesho yake gereji ilijaa. Gerson alikuja mapema kuliko alivyoambiwa. Zabron aliacha kazi yake. Evarista alisogea na sufuria yake akisingizia moshi. Ambrosi akakata mpira, akafungua gazeti, akafuta grisi kwa tambara, akaigeuza kamshafti huku na huku.

Msalaba haukuwepo.

Akaifuta tena. Akaipeleka kwenye mwanga. "Nimeibiwa," akasema. Halafu kwa sauti ya kufika sokoni: "Nimeibiwa! Yule Mnyakyusa kanibadilishia! Nilichagua mwenyewe, nikagonga mwenyewe, nikatia alama! Mama Violet, mpigie mwizi huyo!"

"Piga wewe, Baba Violet."

"Yangu haina mtandao!"

Evarista akatoa simu yake, akapiga. Na hapa ndipo mambo yalipoharibikia, maana mama wa watu ana mazoea, simu yake anaiweka sauti ya nje siku zote ili mikono iendelee na mboga. Ikaitikiwa. Ambrosi akaona midomo ya mkewe ikisalimia, ikiuliza. Halafu simu ikaanza kuongea, na yeye anaitazama kama mtu anayetazama jiwe.

Ikaongea kwa muda mrefu. Ambrosi akageuza macho kwa Gerson: mwinjilisti alikuwa anaangalia viatu vyake. Akageuka kwa Zabron: Zabron alikuwa ameinama anatafuta spana, na spana ilikuwa mkononi mwake. Kule kilabuni mzee mmoja alishusha chupa yake ya ulanzi, akavua kofia, kama wanavyofanya maiti ikipita.

Evarista akakata simu.

"Anasemaje?" akauliza Ambrosi.

"Anasema samahani. Alikosea kufunga." Hakumtazama usoni. "Anasema hata hii ni nzima, uitumie tu."

Ambrosi hakufoka tena. Alikunja gazeti taratibu, akairudisha kamshafti ndani yake, akasema kazi itakuwa kesho, leo kuna mawingu. Jua lilikuwa linawaka.

Jioni, kabla hata taa haijawashwa, alimkuta Evarista uani anachambua maharage. Akachukua kigoda, akakaa mbele yake kabisa, magoti yakigusana, aone mdomo.

"Mama Violet. Alisemaje yule?"

Evarista akachambua maharage mawili matatu.

"Alisema ile uliyoichagua ilikuwa na ufa. Alisema ulipoigonga ililia kama kuni, hata wateja walisikia, na nyingine ililia mpaka mbwa akageuka. Alisema aliona aibu kukwambia mbele za watu, wewe ni kama kaka yake mkubwa. Ndiyo maana akakubadilishia chini ya meza."

Ambrosi akatikisa kichwa kama anayekubali bei.

"Wewe umejua tangu lini?"

"Tangu tulipomwoza Violet. Ulicheza, ngoma ilishanyamaza, wewe bado unacheza. Watu wakapiga vigelegele kukufichia."

"Nani wengine wanajua?"

"Niulize nani hajui, itakuwa rahisi."

"Lakini mbona wanaleta pikipiki? Mbona zinapona?"

Hapo Evarista akaweka ungo chini. "Zabron," akasema. "Wakitoka kwako wanazunguka nyuma kwa jirani, mama Frida, Zabron anawafuata huko. Anasikiliza, anarekebisha. Bibi tu ndiye aliyemrudisha kwako, maana kamshafti hairekebishiki. Hawadai kitu. Anasema wewe ndiye uliyemfundisha, na ukijua utakufa."

Kuku wa jirani alikuwa anafungua mdomo na kufunga juu ya ukuta, na Ambrosi akamtazama kwa chuki kana kwamba na yeye yumo kwenye njama.

"Bora angekuwa mwizi," akasema mwishowe.

"Nani?"

"Andendekisye. Mwizi ningepigana naye."

Evarista akamshika goti. Yeye akaliondoa goti, si kwa hasira, ni kama mtu anayesogeza kiti.

Kesho yake aliifunga kamshafti, na aliifunga vizuri, hilo hakuna wa kumnyang'anya. Alisimamisha sumaku ya injini kwenye alama yake. Alipaka oili kila yai kwa kidole, kama mama anayempaka mtoto mafuta. Alivalisha cheni, akahesabu meno, akazungusha kwa mkono kuona kama hakuna kinachogongana. Alirudishia roka, akapima kwa wembe, akafunika. Zabron alikuwa anampa spana kabla hajaomba. Ambrosi alizipokea bila kumtazama.

"Haya, mtumishi. Muwashe Bibi."

Gerson akapiga kiki. Ya kwanza hamna. Ya pili, moshi ukatoka nyuma, buluu, halafu mweupe, halafu ukawa mwembamba. Ambrosi akaweka bisibisi kwenye injini na mpini sikioni. Gereji ikanyamaza. Kilabuni mkono ukaenda kwenye redio. Mwiko wa Evarista ukasimama hewani. Kila kitu kilikuwa kama zamani, hakuna aliyekosea hata hatua moja ya ngoma hiyo.

Ila safari hii Ambrosi hakufumba macho. Aliwatazama. Akamwona Gerson ana uso uliolegea kwa raha, kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana. Akamwona Zabron kainamisha kichwa, anasikiliza, naye akatabasamu bila kujua. Basi imepona, akafikiri. Nyie wote mnaisikia imepona.

Akaitoa bisibisi sikioni.

"Inaliaje?" akauliza.

Alikuwa hajawahi kuliuliza swali hilo tangu ashike spana. Na alikuwa tayari. Mtu mmoja tu angesema inalia vizuri, Dokta, imetulia, na yeye angesema haya, asante, sisikii tena jamani, na huo mzigo ungetuliwa hapo hapo kwenye oili na vumbi.

Walitazamana. Gerson akatabasamu kwa heshima zake zote.

"Dokta jamani, unatutania. Sisi tujue wapi? Mwenye sikio ni wewe."

"Kabisa," wakasema wa kilabuni, wote kwa pamoja, mpaka yeye akaiona midomo.

Akamtazama Zabron. Zabron akaangalia chini. "Wewe ndiye Dokta, mzee," akasema, polepole na kwa mdomo uliofunguka vizuri ili asomeke.

Ambrosi akarudisha bisibisi kwenye injini na mpini sikioni. Angefanya nini? Walikuwa wanasubiri, na walikuwa wamempenda kwa miaka mingi mno kumwachia atoke. Akafumba macho, akakaa hivyo kwa muda ambao watu waliuona unafaa.

"Imepona," akasema.

Wakapiga makofi. Evarista peke yake hakupiga, aligeukia ugali wake. Ambrosi akaendelea kuinama pale, bisibisi sikioni, mpaka alipofumbua macho akaona moshi hautoki tena kwenye egzosi, na Gerson ameshachomoa ufunguo, anavaa kofia yake. Injini ilikuwa imezimwa kitambo.

Nyuma ya Gerson, bwana mmoja aliyetoka Usangu alikuwa anaingiza pikipiki yake kwa kuisukuma, amevua kofia, anasubiri zamu yake asikilizwe.